Tahadhari: Spika za Gari za "Wati 600" Zinazouzwa kwa Bei ya Kutupa

Natoa tahadhari hii kwa yeyote anayetaka kubadilisha spika zilizokuja na gari lake bila kutumia fedha nyingi, kwa sababu ndiye hasa anayewindwa. Yupo muuzaji anayetangaza mtandaoni seti ya spika nne za mlangoni zenye nembo ya kampuni kubwa na maandishi ya "wati 600", pamoja na amplifaya ndogo na nyaya zake, na vyote kwa pamoja anaviuza chini ya bei ya jozi moja halali ya daraja la chini kabisa la kampuni hiyohiyo. Anaeleza kwamba mzigo umebaki baada ya mteja mkubwa kughairi, na kwamba unapaswa kuisha haraka. Sitaji jina analotumia, kwa kuwa hulibadilisha kila malalamiko yanapoongezeka, lakini mtindo wake habadilishi, na wala si yeye peke yake anayeutumia.

Shemeji yangu aliinunua seti hiyo, nami ndiye niliyeifungua. Nyuma ya kila spika kulikuwa na kofia nene ya plastiki iliyoundwa ionekane kama sumaku, na ilipobanduliwa, sumaku yenyewe haikuzidi sana upana wa kizibo cha chupa. Kwa mbele kulikuwa na twita (spika ndogo za sauti za juu) tatu zinazong'aa, lakini moja tu ndiyo iliyokuwa na waya. Mbili nyingine zilikuwa vipande vya plastiki vilivyogandishwa kwa gundi. Zilipofungwa mlangoni, sauti ilikuwa nyembamba kuliko ya spika za kiwandani zilizotolewa. Muuzaji alipoulizwa, alijibu kwa upole mkubwa kwamba spika mpya huhitaji wiki kadhaa za kupigwa ndipo "zifunguke". Jibu hilo limepangwa kwa ustadi: mnunuzi akikubali kusubiri, muda wa kurudisha bidhaa unakwisha akiwa bado anasikiliza. Ni kweli kwamba ukingo wa spika mpya hulegea kidogo kwa kutumika, lakini hakuna muda wa kusubiri utakaokuza sumaku au kuunganisha twita isiyo na waya.

Kiini cha udanganyifu wote ni idadi ya wati, kwa hiyo inafaa kuielewa vizuri. Spika haizalishi nguvu, inapokea tu ile inayoletwa na redio au amplifaya, na namba iliyoandikwa juu yake hueleza kiasi inachoweza kustahimili. Namba yenye maana ni ile ya RMS, yaani nguvu ya kudumu, ilhali "max", "peak" na "PMPO", yaani nguvu ya kilele ya mpigo mfupi tu, huandikwa kwa ukarimu wa mchapishaji wa lebo. Redio ya kawaida ya gari, isiyo na amplifaya ya pembeni, hutumia umeme wa takriban volti 14.4 injini inapowaka, na kwa spika ya omu 4 (kipimo cha ukinzani wake kwa umeme) hesabu ya fizikia haiiruhusu kutoa zaidi ya takriban wati 26 za wimbi safi kwa kila spika. Kwa kweli nyingi huanza kuchafua sauti zikiwa kati ya wati 15 na 22, hata kama mbele zimeandikwa "50 x 4". Kwa hiyo hata kama zile wati 600 zingekuwa za kweli, zisingeongeza chochote katika gari lenye redio iliyotoka nayo kiwandani. Mnunuzi wa bajeti ndogo anapaswa kutafuta usikivu wa spika, yaani ukubwa wa sauti inayoitoa kwa nguvu kidogo, unaopimwa kwa desibeli: spika ya desibeli 92 kwa wati 1 katika umbali wa mita 1 hutoa kwa wati 5 sauti ile ambayo spika ya desibeli 86 itahitaji wati 20 kuifikia. Muuzaji niliyemtaja hana namba hii kwenye tangazo lake, na ukimwomba atakutumia tena picha ya wati.

Amplifaya inayokuja na seti hiyo hujisaliti yenyewe kupitia fyuzi. Zidisha ampea za fyuzi kwa volti 14.4 na utapata kiasi cha juu ambacho kifaa kinaweza kuvuta kwa kudumu kutoka kwenye betri. Fyuzi ya ampea 15 huruhusu wati 216 kuingia, na kwa kuwa amplifaya ya daraja la AB (herufi hizi hutaja aina ya saketi yake, si ubora) hupoteza karibu nusu ya umeme kwa joto, kinachofika kwenye spika kwa jumla ni wati mia moja na kidogo. Hata ile ya daraja la D, ambayo haipotezi sana, haiwezi kutoa nje zaidi ya ilichoingiza. Kifaa cha "wati 2000" chenye fyuzi ya ampea 15 hakihitaji uchunguzi mwingine. Tangu mwaka 2003 kimekuwapo kipimo cha CEA-2006, ambacho siku hizi kinaitwa CTA-2006, kinachotaka nguvu ipimwe kwa volti 14.4, kwenye omu 4, uchafu wa sauti ukiwa haujazidi asilimia 1. Nembo yake nayo inaweza kuchapishwa na yeyote, lakini fyuzi haina sababu ya kusema uongo.

Jihadharini pia na majaribio yanayofanywa mbele yenu. Muuzaji atagusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye spika, koni itasogea, naye atasema umejionea mwenyewe kwamba ni nzima. Jaribio hilo linathibitisha tu koili ya wufa, yaani spika kubwa ya sauti nzito, kwa sababu kapasita, kijenzi kidogo kilicho mbele ya twita, huzuia umeme wa betri usipite. Multimita, kifaa cha kupimia umeme, nayo ina kasoro hiyohiyo: itakuonyesha omu kati ya 3 na 4 kwa spika ya omu 4, jambo ambalo ni la kawaida, bila kukuambia lolote kuhusu twita. Njia ya kuaminika ni kupiga muziki kwa sauti ya chini na kusogeza sikio karibu na kila twita, moja baada ya nyingine. Na kama spika inapigwa ikiwa ndani ya boksi la mbao, elewa kwamba besi unayoisikia inatokana kwa sehemu kubwa na boksi, na mlango wa gari wenye matundu hautaitoa.

Nyaya za seti hiyo zilikuwa za alumini iliyopakwa shaba. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba, kwa hiyo waya wa unene uleule hupata joto zaidi, tena hapa unene wenyewe ulikuwa wa mpira. Kwangu mimi hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu spika mbovu inaudhi tu, bali waya wa betri usiotosha unaweza kuwasha moto. Kwarua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona rangi ya fedha ndani, usiufunge.

Kuhusu malipo, anadai fedha zote kabla ya kutuma, na hakubali mzigo ufunguliwe mbele ya anayeuleta. Mwombeni picha mpya ya nyuma ya spika bila kofia, pembeni yake ikiwa karatasi yenye tarehe ya siku hiyo. Asiye na spika za kuonyesha huanza hapo kulalamika kwamba humwamini.

Aliyekwisha kulipa asibandue lebo wala asikate pini za nyaya. Apige picha, ahifadhi mazungumzo na risiti, kisha adai fedha zake kwa maandishi na kupitia huduma aliyolipia, kwani nyingi huweka muda maalumu wa kupokea malalamiko. Spika za zamani zisiachwe kwa fundi anayejitolea "kuzitupa", maana huenda zikahitajika kurudishwa mlangoni. Zikirudishwa, fedha itakayookolewa itumike kwanza kuziba matundu ya mlango na kuweka pete ya sponji kati ya spika na bati, kazi ambayo mara nyingi huongeza besi kuliko jozi mpya ya bei rahisi, hata iliyo halali.