Uzoefu wangu: programu ya kutambua mawe kwa picha, na tochi iliyoizidi

Siku hizi kuna programu kibao za simu zinazodai kwamba ukipiga jiwe picha, zitakutajia jina lake. Hii niliyolipia, jina nalihifadhi, naipa nyota 2 kati ya 5, na nimekuwa mpole.

Jiwe lenyewe ni la Longido, kule kaskazini mwa Arusha: kijani, lenye mabaka mekundu yanayokaribia waridi na michirizi myeusi. Nikalipiga picha juani, nikajibiwa unakaiti. Kivulini likawa turmalini. Nilipolilowesha maji ndipo ikataja rubi ndani ya zoisaiti, yaani rubi nyekundu iliyomo kwenye madini ya kijani, tena kwa kujiamini kulekule. Ukinunua mawe kwa majibu ya namna hii, umeliwa.

Shida si kamera. Unakaiti nayo ina kijani na waridi, ila ni madini ya epidoti (kijani) na feldspa (waridi), jiwe la mapambo lisilo na bei kubwa. Picha haipimi ugumu wala uzito.

Kilichonitoa gizani ni tochi ya miale ya urujuanimno (UV), shilingi 60,000. Chukua ya nanomita 365 yenye kioo cheusi mbele. Za 395 ni rahisi, lakini zinamwaga zambarau nyingi mpaka huoni kinachowaka. Nilifunga mapazia, nikamulika: mabaka yakawaka mekundu kama makaa, kijani kikabaki giza totoro. Ndivyo rubi inavyowaka; waridi ya unakaiti haiwaki hivyo.

Sikuishia hapo. Nikachukua kipande cha kwatzi, ambacho ugumu wake ni 7 kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, nikakisugua kwa baka jekundu. Futa unga kwanza kwa kidole, maana mara nyingi unaodhani ni mkwaruzo ni unga tu wa jiwe laini. Huu ulibaki, na ukucha ulinasa ndani yake. Rubi ni 9, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Sehemu ya kijani ilipita bila kuacha alama.

Tochi nayo ina mipaka yake. Spineli ya Mahenge, jiwe jingine la vito linalofanana na rubi, huwaka nyekundu vilevile, na rubi ya kiwandani inaweza kuwaka kuliko ya asili. Lakini ganeti nyekundu, ambayo watu huuziwa kila siku kwa jina la rubi, haiwaki kabisa. Kwa hilo tu pesa yangu imerudi. Nyota 4, moja nimeinyima kwa sababu betri inaisha upesi. Na usimmulike mtu machoni, hata kwa utani.

Programu ijaribu siku za bure, ikupe majina mawili matatu ya kuyachunguza, kisha ufute usajili kwenye mipangilio ya malipo ya simu. Kuiondoa tu kwenye simu hakusimamishi makato, hilo walisema kwa maandishi madogo sana.

Kama jiwe lako ni safi, la kukatwa, usilikwaruze. Lipeleke maabara yenye rifraktomita, kifaa kinachopima jinsi mwanga unavyopinda ndani ya jiwe: rubi husoma takriban 1.76 hadi 1.77, spineli karibu 1.72, na ubishi kati ya hizo mbili unaishia hapo.