Fundi wa kukereza wa Majengo niliyempa silinda ya Honda yangu

Pikipiki ya zamani waweza kuifufua nyumbani karibu yote: kuifungua, kuipiga msasa, kubadilisha nyaya, kuipaka rangi. Lakini silinda, lile bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, haikerezwi (yaani kupanuliwa tundu lake likishaliwa) barazani. Hiyo lazima uitoe nje, na ukimpa fundi mwenye pupa, kazi yako ya miezi yaharibika kwa saa moja. Ndiyo maana nataka watu waijue karakana moja ndogo ya kukereza vyuma iliyo Majengo, Mombasa, kwenye kichochoro kinachotokea barabara ya Jomo Kenyatta. Haina kibao. Uliza kwa mzee wa mashine, utaonyeshwa.

Yangu ni Honda CG125 aliyoniachia babangu. Aina hii ilitoka 1976, na Honda waliiunda makusudi kwa nchi ambazo pikipiki ni chombo cha kazi na oili hubadilishwa pale mwenyewe akikumbuka. Vali, milango ya kuingizia hewa na kutolea moshi, husukumwa kwa fito, kwa hivyo hakuna cheni ya juu ndani ya injini ya kulegea. Cheni ya nyuma nayo imefunikwa yote kwa bati, na kwa sisi wa Mombasa hilo si jambo dogo. Hewa ya chumvi ilikuwa imeila kromu ya usukani na kulitoboa eksozi, lakini cheni niliyoikuta ndani ya lile bati ilikuwa nzima.

Uzuri mwingine, injini nyingi za bodaboda za Kichina za 125 zilinakiliwa kutoka kwa hii. Kipenyo cha silinda ni kile kile, milimita 56.5, kwa hivyo pistoni hupatikana papa hapa mjini bila kuagiza ng'ambo. Usichukue ya 150 tu. Hiyo ni 62 na haiingiliani kabisa.

Nilipeleka silinda pamoja na pistoni ya oversaizi ya kwanza, yaani iliyozidi ile ya asili kwa robo milimita, 56.75. Ami, yule mzee wa mashine, hakuiwasha mashine. Aliipangusa silinda, akaipima juu, katikati na chini, akaigeuza robo mzunguko na kupima upya. Akanionyesha namba: imeliwa zaidi upande ambao pistoni huegemea inaposukumwa na mlipuko. "Mwanangu, robo haitoshi. Nikikata robo, hapa patabaki kovu. Niletee ya nusu."

Nikaenda kununua ya nusu. Boksi liliandikwa 57, pistoni iliyokuwa ndani ilikuwa 56.75 vile vile. Aliyeigundua ni ami, kwa maikromita yake, kifaa cha kupimia unene kwa usahihi, kabla ya chuma kuguswa. Yeye hukata kwa kufuata pistoni aliyoipima mwenyewe, na kila unayemwachia silinda ungependa awe hivyo, kwa sababu milimita ikishakatwa hairudi. Duka lilinibadilishia bila maneno.

Baada ya kukereza alipitisha jiwe la kusugua, akaacha ile mistari myembamba inayokatana ambayo hushika oili wakati ringi mpya, zile pete za pistoni, zikijikalia. Kisha akaitia ringi moja ndani, akaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, na kupima mwanya wake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mianya, mbele yangu. Kazi yote shilingi 1,800. Nimewahi kutozwa zaidi ya hizo na fundi asiyepima chochote.

Mambo ya kujua kabla hujaenda. Risiti hapati mtu. Umeme ukikatika, kazi yalala. Silinda utarudishiwa imesuuzwa kwa dizeli tu, na hiyo haitoshi: unga wa jiwe hubaki ndani ya mistari, na utazila ringi mpya. Ioshe nyumbani kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, kisha ipake oili papo hapo. Kwa hewa yetu, chuma kitupu kikilala usiku mmoja huamka na kutu.

Nilifunga injini, mwanya wa vali nikauweka milimita 0.08 injini ikiwa baridi, nikaitembeza polepole hadi Nyali. Ule moshi wa buluu aliokuwa akiulalamikia babangu umekwisha, na mlio wake umetulia hata mamangu alitoka nje kuutazama.

Ijumaa ami hufunga kabla ya swala ya adhuhuri na harudi mpaka alasiri. Nendeni asubuhi, kabla watu wa bodaboda hawajajaza meza yake, na mbebe silinda na pistoni kwa pamoja.