Laptopu nyepesi kwa mtu wa safari: ipi uitangulize, ipi uiache dukani

Uzito unaoandikwa kwenye tangazo la laptopu ni wa mashine peke yake. Begani unabeba mashine, chaja, waya wake mnene wa pini tatu, na mara nyingi pawabenki juu yake. Laptopu ya kilo 1.1 inayozima kabla ya saa sita mchana inakuchosha kuliko ya kilo 1.4 inayokufikisha jioni. Kwa mtu anayepanda basi la Nairobi kwenda Arusha leo na treni ya Dar kwenda Dodoma wiki ijayo, mimi naangalia betri kwanza, halafu kama inachaji kwa USB-C (tundu dogo la mviringo kama la simu nyingi za sasa), halafu kama fundi wa mji ninaokwenda anaiweza. Gramu zinakuja baada ya hapo. Nazungumzia zilizotumika, kwa sababu ndizo wengi wetu tunazonunua, iwe Kariakoo au Moi Avenue.

Naitanguliza MacBook Air M1, iliyotoka mwishoni mwa 2020 ikiwa na M1, prosesa ya Apple wenyewe. Ina kilo 1.29. Apple waliitangaza kwa saa 15 za kuperuzi intaneti, na ile iliyotunzwa vizuri bado inaimaliza siku ya kuandika na kujibu barua pepe. Haina feni kabisa, na kwa safari zetu hilo ni jambo kubwa: hakuna kinachovuta vumbi la njiani kwenda ndani, wala haingurumi ukiwa umeipakata huku abiria mwenzako amelala. Ilitoka na chaja ya wati 30 tu, kwa hiyo pawabenki ya mAh 20,000 yenye USB-C inatosha kuijaza mara moja. Pawabenki ya kiasi hicho ni kama wati-saa 74, chini ya kikomo cha 100 ambacho mashirika ya ndege hukubali bila kuomba kibali, ila iwe kwenye begi la mkononi.

Ina gharama zake. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) na diski vimechomelewa kwenye bodi. Ulichonunua ndicho utakachobaki nacho. Ukikuta ya GB 16 kwa nyongeza unayoimudu, usiiache. Ina matundu mawili tu ya USB-C, basi ongeza adapta ya flashi na projekta kwenye bajeti. Na kioo chake hakitaki mchezo: chembe ya mchanga ikibaki juu ya kibodi ukafunga kwa nguvu, kinaweza kupasuka, na kukibadilisha ni pesa ya kuumiza. Pangusa kibodi kabla ya kufunga, kila mara. M2 ya 2022 ni kilo 1.24 na kioo chake kinang'aa zaidi juani. Pesa ikiwepo ichukue, isipokuwepo M1 inatosha.

Ila tafadhali usiuziwe Air ya 2018 au 2019 ukidhani ni hiyo hiyo. Kwa nje zinafanana mno. Ndani zina prosesa ya Intel, zina feni, na kibodi zake ni zile za kipepeo ambazo punje ya vumbi ilikuwa inakwamisha kitufe hadi Apple wakafungua mpango wa kuzitengeneza bure. Isitoshe, macOS Tahoe, toleo la 2025 la mfumo wa Mac, limeziacha nje Air zote za Intel.

Ya pili kwangu ni ThinkPad X1 Carbon Gen 9 (toleo la tisa) ya Lenovo, ya 2021. Kilo 1.13, kioo cha inchi 14, betri ya wati-saa 57. Anayeandika sana ataipenda kwa kibodi yake, na ina HDMI na USB za kawaida, hivyo unaingia ukumbini bila adapta. RAM imechomelewa, lakini diski na betri vinabadilishika kwa bisibisi. Gen 6 ya 2018 ni nyepesi vilevile na bei yake inavutia, ila kuwa makini: inachaji kwa USB-C pekee, na Lenovo walilazimika kutoa sasisho la Thunderbolt, teknolojia iliyo ndani ya tundu hilo la USB-C, kwa ThinkPad za miaka hiyo kwa sababu tundu hilo lilikuwa linaweza kufa. Lijaribu ukigeuza plagi pande zote mbili kabla ya kulipa.

Ya tatu, HP EliteBook 830 G6 ya 2019, kuanzia kilo 1.33. Hapa ndipo mfuko wa kawaida unapopumua, maana Air M1 unaweza kuikuta imekaribia mara mbili ya bei yake. RAM unaiongeza mwenyewe, inachaji kwa USB-C pia, na EliteBook inajulikana kwa mafundi wengi. Kama njia zako ni za Kigoma, Lodwar au Bukavu, ipandishe iwe ya kwanza. Itoe nje ya duka uangalie kioo juani, kwani baadhi vimefifia sana. Ukichukua kaka yake mkubwa, 840 G5, hakikisha prosesa yake ya Intel ni ya kizazi cha 8. Zipo za kizazi cha 7, na Windows 11 haizipokei rasmi, wakati Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Zile ndogo mpya za Celeron, prosesa ya bei ya chini ya Intel, zenye RAM ya GB 4, ziache, hata kama ni nyepesi na zina karatasi ya dhamana. Surface Laptop ya kwanza, ya 2017, ilipata 0 kati ya 10 katika kutengenezeka kwa iFixit, wanaofungua vifaa na kuvipa alama. Hiyo nayo si ya msafiri.

Ukishachagua, kazi imebaki mezani kwa muuzaji. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, ufungue faili linalotokea. Linganisha Design Capacity (uwezo wa betri ikiwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo wake sasa). Ikisoma 50,000 na 31,000, betri imebaki na asilimia 62, na bei ya betri mpya inatoka kwenye bei aliyokutajia. Kwenye Mac tazama Cycle Count, yaani idadi ya mizunguko ya kuchaji ambayo betri imeshafanya. Air hizi zimepangiwa 1,000.

Kisha mwambie, "Kaka, irudishe kama ilivyotoka kiwandani, tuiwashe pamoja." Iunganishe na intaneti ya simu yako. Likitokea jina la kampuni linalodai barua pepe ya kazi, au neno Remote Management kwenye Mac, hiyo mashine bado ina mwenyewe Ulaya au kwingineko, na siku moja inaweza kukufungia ukiwa mbali na duka. Usikubali kuambiwa kuna fundi wa kuiruka hiyo hatua. Ikipita salama, namba ya mashine iandikwe kwenye risiti pamoja na siku za dhamana, ndipo utoe pesa.