Kijana anayejifunza kupiga muziki kanisani afundishwe kinanda pekee, au kinanda, gitaa la besi na ngoma?

Kijana anayekaa na kinanda tu miaka miwili huwa na vidole vyepesi, hilo halipingiki. Ila mpiga besi asipotokea Jumapili, nyimbo zote za sifa zinapwaya na kijana huyo wa kinanda anabaki kutazama tu. Anayezungushwa kwenye vyombo vitatu huchelewa kung'aa, lakini masikio yake hufunguka mapema: akishashika besi, huacha kukandamiza noti nzito kwa mkono wa kushoto kwenye kinanda, maana anajua nafasi ile ina mwenyewe.

Mimi ningeanza na kinanda hadi apige do, fa na so (kila moja ikiwa noti tatu zinazopigwa pamoja) katika funguo zote 12, yaani akiifanya noti yoyote kuwa do, bila kugusa kile kitufe cha kuhamisha ufunguo (ugonjwa wa wengi huo!), ndipo nimpe besi. Ngoma zisubiri, isipokuwa kwa asiyeshika mapigo; huyo aanzie hapo hapo.