Kutuma ujumbe wa sauti kwa API: ulipie huduma ipi ukiwa Nairobi

Mteja wa Githurai atakayesoma ujumbe wa aya tatu akiwa ndani ya matatu ni wa kutafutwa kwa tochi. Sauti ya dakika moja ataisikiliza. Kwa kliniki, sako au duka linalotuma jumbe hizo kwa API, yaani njia ya programu yako kuzungumza na huduma nyingine, mpangilio wangu ndio huu.

Ya kwanza ni WhatsApp Cloud API, moja kwa moja kutoka Meta, wenye WhatsApp, kwa sababu wateja wako tayari wako huko. Lakini kuna sharti ambalo lazima ulijue kabla ya kulipa mtu yeyote: sauti unaituma ndani ya saa 24 tangu mteja alipokuandikia mara ya mwisho. Zikipita, unaruhusiwa kutuma kiolezo tu, yaani ujumbe ulioandaliwa na kuidhinishwa na Meta mapema, na kiolezo hakibebi sauti. Njia safi ni kutuma kiolezo kifupi chenye kitufe, kwa mfano “Sikiliza”. Mteja akikibonyeza, amekujibu, saa 24 zinaanza upya, na programu yako inamtumia sauti papo hapo. Anayekuuzia mfumo akikuahidi kurushia watu elfu sauti bila hatua hiyo, mkatalie.

Faili ya sauti iwe ya aina ya OGG iliyobanwa kwa Opus, chaneli moja, isizidi MB 16. ffmpeg, programu ya bure ya kubadilisha sauti na video, inamaliza kazi kwa amri hii:

ffmpeg -i habari.mp3 -c:a libopus -ac 1 -b:a 24k habari.ogg

Kwa kiwango hicho dakika moja ni kama KB 180, na bando la mteja halitaumia. Ipakie kwa Meta mara moja tu, upewe kitambulisho chake, na uwatumie wote kwa hicho hicho. Meta huihifadhi siku 30.

Ya pili ni simu ya sauti ya Africa's Talking, kampuni ya hapa hapa Nairobi. Seva yako inaiambia icheze rekodi pindi mtu anapopokea. Inamfikia mama mwenye kabambe asiye na bando, nawe unajaza salio kwa M-Pesa. Kwa kliniki yenye wagonjwa wazee, mimi ningeiweka ya kwanza. Simu hulipiwa kwa muda, basi fupisha maneno, na asiyepokea mfuatilie kwa SMS.

Twilio, kampuni ya Marekani inayokutumia jumbe za WhatsApp kupitia API yake, ni ya tatu. Ni imara na nyaraka zake ni nzuri, ila inatoza ada yake juu ya ile ya Meta, tena faili huichukua kwenye kiungo inachoweza kukifungua. Kama sauti inataja ugonjwa au deni la mtu, tumia kiungo kinachokufa baada ya muda mfupi.

Telegram ni ya bure, na kwa anayejifunza hakuna pazuri pa kuanzia kama sendVoice, amri yake ya kutuma sauti kupitia boti (akaunti inayoendeshwa na programu). Kibiashara naiweka mwisho: boti haiwezi kumwanza mtu, na mtandao huo ulizimwa nchini wakati wa mitihani ya KCSE mwaka 2023 na 2024. Ukituma kwa kiungo, sauti inayozidi MB 1 hufika kama faili la kawaida.

Yoyote utakayochagua, omba idhini ya mteja kwanza na uitunze kumbukumbu yake; Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uweze kuionyesha.