Pikipiki iliyotumika ya kuziba pengo: supamoto au mseto?

Mtu anayetafuta pikipiki ya kuziba pengo huwa na haraka, na wauzaji wanaijua haraka hiyo. Ile ya zamani imeuzwa, imeibwa au injini imekufa, na kila siku ya kwenda kwa miguu inauma. Kwa hiyo kabla hujaanza kutaja majina, jiulize: sehemu kubwa ya safari zako ni lami au vumbi?

Supamoto ina rimu za inchi 17 mbele na nyuma, tairi pana za lami na breki ya mbele yenye nguvu. Ya mseto, yaani ya barabarani inayokubali pia mawe na matope, huwa na rimu ya inchi 21 mbele na 17 au 18 nyuma. Kama lami ni robo tatu ya safari zako, achana na ndoto za porini, supamoto itakufurahisha kila kona. Ukiipeleka kwenye mchanga, tairi la mbele linazama na usukani unaanza kuamua wenyewe.

Namba moja kwangu ni Suzuki DR-Z400, iwe S ya mseto au SM ya supamoto. Injini ni ile ile, cc 398, inapozwa kwa maji, na ilitengenezwa miaka mingi bila mabadiliko makubwa, hivyo mambo yake yanajulikana. Gia ni tano tu, kwa hiyo kwenye barabara kuu utatamani ya sita, na tanki la lita 10 halikufikishi mbali. Ugonjwa wake mkubwa ni kikaza cheni ya kemshafti (shafti inayofungua valvu), kile kinachojikaza chenyewe. Kikishindwa, cheni inalegea, na ikiruka meno valvu zinaweza kugongana na pistoni. Muulize muuzaji kama amekibadilisha na kuweka cha kukaza kwa mkono. Akikutumbulia macho, jibu umeshalipata: punguza gharama hiyo kwenye bei.

SM nyingi zimepita mikononi mwa watu wa kuinua tairi la mbele. Mwombe mtu aikandamize nyuma hadi tairi la mbele linyanyuke, kisha zungusha usukani polepole toka kushoto hadi kulia. Ukifika katikati ukahisi kama umenasa kwenye kishimo, beringi za shingo zimekwisha. Kuzibadilisha si kazi kubwa, ila zinakuambia pikipiki imeishi maisha gani. Pitisha kidole kwenye mabomba ya shokapu za mbele. Kikitoka na oili, sili zinavuja. Na gusa injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, kuna anachoficha, au, tuwe waungwana, alikuwa ametoka dukani. Hata hivyo mwambie utasubiri ipoe, uisikie ikiwaka baridi.

Ya pili ni Suzuki DR650SE, iliyoanza kutengenezwa 1996. Ina cc 644 na inapozwa kwa hewa na oili, hivyo hakuna radiata ya kupasuka ukianguka. Ni nzito kiasi, kama kilo 166, lakini haina makuu. Chunguza kitu kimoja: skrubu za swichi ya nyutro ndani ya injini, ambazo huweza kulegea na kudondokea humo humo. Fundi huzifunga upya kwa gundi ya nati.

Yamaha WR250R na supamoto yake, WR250X, naziweka nafasi ya tatu kwa sababu moja tu: wenye nazo hawaziachi kwa bei rahisi. Vinginevyo ni mashine safi, gia sita, haina kabureta, na ukaguzi wa valvu ni takriban kila kilomita 42,000. Tanki ni dogo, na injini inataka kuzungushwa sana ndipo itoe nguvu.

Kawasaki KLR650 nampa msafiri mwenye mizigo. Matoleo ya hadi 2018 yana tanki la karibu lita 23, lakini muulize muuzaji kama kile kimkono cha kukaza cheni ya balansa (shafti ya kupunguza mtetemo wa injini) kimebadilishwa, maana cha kiwandani kina sifa ya kuvunjika. Honda XR650L ni imara pia, ila siti iko sentimita 94 kutoka chini, kwa hiyo wafupi tupite.

Utaonyeshwa na pikipiki za mashindano zilizofungwa taa na namba, kama Yamaha WR450F au KTM EXC. Ni nyepesi na zina moto kweli. Ila huduma yake huhesabiwa kwa saa za injini, na pistoni ni kitu cha kubadilishwa, haidumu milele. Muuzaji asipokuwa na kumbukumbu ya saa hizo, mwachie pikipiki yake.