Tathmini ya gfortran: NaN hukamatwa ukiagiza

Kompaila ya gfortran, yaani programu inayogeuza msimbo wa lugha ya Fortran kuwa programu ya kuendeshwa, iliyo ndani ya GCC, mkusanyiko wa kompaila wa mradi wa GNU, hupatikana bure na ni kimbilio la wanafunzi na watafiti wasio na fedha za leseni. Hapa ninaipima kwa jambo moja tu, nalo ni namna inavyoshughulika na hesabu inayozaa NaN, yaani tokeo ambalo si namba.

Tuchukue wastani wa mvua wa kituo ambacho mwezi mzima hakikuleta kipimo hata kimoja. Jumla ni 0.0, idadi ni sifuri, na mstari `wastani = jumla / idadi` unazaa NaN. Ukikompaili kwa njia ya kawaida, programu haisimami wala hailalamiki. Mbaya zaidi, sharti `if (wastani > 50.0)` linajibiwa kuwa si kweli, kwa sababu kwa mujibu wa IEEE 754, kiwango cha hesabu za namba za desimali katika kompyuta, hakuna namba iliyo kubwa wala ndogo kuliko NaN, na hivyo kituo kisicho na taarifa kinaangukia kwenye `else`, yaani tawi la sharti lisilotimia, pamoja na vituo vilivyopata mvua haba. Kwangu mimi, heri programu ivunjike kuliko kutoa jibu la namna hiyo.

Ongeza `-g -ffpe-trap=invalid,zero,overflow` kwenye amri ya kukompaili, na programu ileile itakatika papo hapo, itoe taarifa ya SIGFPE (ishara ya mfumo kuhusu kosa la hesabu), kisha ionyeshe faili na namba ya mstari wenye kosa. Katika hili gfortran inastahili sifa kubwa, maana kazi ya kutafuta chanzo cha NaN katika maelfu ya mistari inakwisha mara moja. Chaguo la `-finit-real=snan` huongeza ulinzi kwa kujaza vigeu vya ndani visivyopewa thamani kwa NaN ya aina inayozusha hitilafu mara inapotumiwa katika hesabu. Kasoro yake ni kwamba haligusi safu za `allocatable`, yaani zinazotengewa nafasi programu ikiwa inaendelea, ambazo katika programu nyingi ndizo zinazobeba data kubwa.

Kwa ukaguzi ndani ya programu yenyewe, tangu toleo la 5 la GCC la mwaka 2015 ipo moduli ya `ieee_arithmetic` iliyoletwa na Fortran 2003, toleo mojawapo la kiwango cha lugha hiyo. Tumia `ieee_is_nan` ya moduli hiyo badala ya `isnan`, ambayo ni nyongeza ya GNU na haimo katika kiwango cha lugha.

Ninalolilalamikia kwa dhati ni `-Ofast`, chaguo la kuongeza kasi ya programu. Chaguo hili huwasha `-ffast-math`, ambayo huiruhusu kompaila kuamini kwamba NaN haitatokea kamwe, na kwa imani hiyo inaweza kuuondoa ukaguzi wako wote bila onyo lolote. Anayehitaji kasi atumie `-O2` au `-O3`, na kama hapana budi kutumia `-ffast-math`, basi aiweke tu kwenye faili zisizokagua NaN.